Gitaa Lililofukizwa Udi

Baba alilitundika lile gitaa chumbani kwangu kwa sababu karakana yake inavuja, na masika ya mwaka jana hayakuwa na huruma. Kilwa Kivinje mvua ikishika, hata chumvi kwenye kopo inatoa maji. Vanishi ndiyo usiseme, unaipaka leo, kesho bado inanata. Kwa hiyo gitaa likaning'inia kwa kamba katikati ya chumba, na mimi nikawa nalala pembeni yake kama mtu aliyeletewa mgeni mkubwa. Nilikuwa najigeuza kitandani taratibu. Niliogopa hata kupiga chafya.

Mgongo na mbavu zake zilikuwa za mpingo, na uso wa ubao mweupe mwepesi ambao baba aliuagiza Dar. Baba ni seremala wa milango na vitanda. Magitaa alijifunza ukubwani, na hili lilikuwa la kwanza kuagizwa na mtu anayejua kupiga kweli, mwalimu wa muziki, ambaye angekuja kulichukua Jumamosi. Baba alisema likimridhisha huyo, vitanda basi. Lisipomridhisha itakuwaje, hakusema. Nadhani ndiyo maana nyumba nzima tulikuwa tunanyata.

Asiyenyata alikuwa bibi tu. Bibi, mama yake mama, alikuja kutoka Milola kumlea mama ambaye alikuwa ametoka kujifungua. Alisema nyumba yenye mtoto mchanga haikai bila udi, na kila alasiri alizunguka na chetezo chumba hadi chumba. Changu alikuwa hakifikii, maana nilikuwa nakifunga. Alhamisi ile baba aliingia kulitazama gitaa, akauacha mlango wazi.

Niliporudi shule, harufu nilianza kuipata nikiwa bado uani. Nikaingia chumbani. Chetezo kilikuwa sakafuni, chini ya gitaa kabisa, makaa yamebaki majivu.

Nilielewa palepale. Bibi akitaka kufukiza kanga huzitundika, akaweka chetezo chini, moshi ukapanda wenyewe. Amekuta kitu kizuri kimetundikwa, amekifukiza. Nikasogea kutazama uso wa gitaa. Vanishi ilikuwa imejikunja kama utando juu ya maziwa ya moto, na vidoa vya majivu vimeganda humo.

Mimi ni mtu wa kujibu kwa kutikisa kichwa. Darasani nikiulizwa swali, wenzangu huanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Ila siku ile nilienda mwenyewe mpaka karakana nikasema, "Baba, njoo uone."

Alikuja, akatazama, akaigusa vanishi kwa ukucha. Nilikuwa nangoja agombe. Hakugomba, na hilo likanitisha zaidi.

"Vanishi si kitu," alisema. "Nitaikwangua. Ninachoogopa ni daraja."

Daraja ni kile kipande cha mpingo kilichobandikwa usoni pa gitaa, ambacho nyuzi hufungwa kwacho na kukivuta maisha yake yote. Baba hukibandika kwa gundi ya kuchemsha. Alinieleza kuwa gundi hiyo ikipata joto inalegea, halafu ikipoa inajifanya imeshika. Unaweza ukafunga nyuzi, gitaa likapigwa vizuri kabisa, kisha siku moja daraja likang'oka mikononi mwa mwenyewe. Joto likiwa dogo, hakuna neno. Kwa hiyo alitaka kujua makaa yalikuwa ya namna gani na yalikaa pale kwa muda gani.

Aliyejua ni bibi, na baba asingeweza kumuuliza. Bibi ni mkwe wake. Wakikutana ukumbini baba anarudi nyuma ampishe, macho chini. Neno lenye dalili ya lawama halitoki kwa mkwe kwenda kwa mkwe. Maneno kati yao huyapeleka mama, lakini baba alisema mama asiambiwe, mzazi hatiwi hofu. Nikabaki mimi.

"Muulize kiungwana," alisema. "Asihisi kitu."

Bibi alikuwa ukumbini anamkanda mtoto miguu. Nikampa shikamoo.

"Marahaba. Ya pili leo hiyo," akasema. "Unataka nini, mke mwenzangu?"

Nikasema chumba kinanukia. Akafurahi. Akanieleza kuwa hakuweka udi wa kila siku, aliweka ule mzuri, maana ngoma ya baba yangu, ndivyo alivyoliita gitaa, inakwenda kwa watu na macho ya watu hayaaminiki. Nikauliza kama makaa yalikuwa mengi. Akasema ya vifuu vya nazi, yale yanayokaa na moto. Aliyaacha pale akaenda kusali, akarudi kumwogesha mtoto, yakajiishia yenyewe. Alikuwa anasema huku anacheka, kisha akanitazama usoni na mkono wake ukasimama juu ya mguu wa mtoto.

"Nimeharibu?"

Kichwa changu, ambacho hujibu kila kitu, kilikataa kutikisika. Nikasema sijui, bibi. Ilikuwa kweli.

Nilipompa baba majibu aliketi kitandani kwangu, jambo ambalo hafanyi. Akaligonga daraja kwa kifundo cha kidole, akategea sikio, akagonga tena. Mlio ulikuwa uleule. Moyoni nilitaka alikwangue, alipake upya, afunge nyuzi, yaishe. Nani angejua? Nilikuwa namwona anarudi kwenye vitanda, na sikutaka kumwona hivyo.

Ijumaa baada ya sala alimpigia mwalimu. Tulikuwa chumbani kwangu, namkunjia msasa. Alisema gitaa limepata joto karibu na daraja, hawezi kulikabidhi mpaka alifungue. Udi hakuutaja, wala bibi. Mwalimu aliuliza kitu, baba akajibu hapana, kwa Jumamosi haitawezekana. Kisha akasikiliza muda mrefu akisema ndiyo, ndiyo. Baba alinieleza baadaye kuwa mwalimu ana onyesho na wanafunzi wake, atatafuta gitaa lingine, na kuhusu hili watawasiliana. Simu ilikatika, baba akabaki nayo sikioni.

Halafu akachukua kisu chembamba. Siku zote alikuwa akiniambia kung'oa daraja ni kazi ya kupasha moto na kubembeleza. Safari hii aliingiza ncha pembeni tu, kisu kikateleza, na daraja likamjia mkononi kabla hakijafika kati. Tukatazamana.

"Lingemng'okea," alisema.

Sikujua nifurahi au nilie. Hapo pazia la mlango likatikisika. Bibi alikuwa nyuma yake, haingii alipo mkwe wake.

"Mwambie baba yako namwomba radhi," akaniambia mimi, ingawa baba alikuwa anamsikia.

Nilifungua mdomo niupeleke ujumbe hatua ile moja. Baba akaniwahi, macho kayaelekeza sakafuni.

"Halijavunjika, mama. Tunalifungua tu, tulibandike upya."

Sikuwahi kumsikia akimjibu moja kwa moja. Nadhani na bibi hakuwahi. Kisha akasema, "Muulize litakauka lini, nisije nikapita na moto."

Baba alilitazama dirisha, mvua ilikuwa imeanza tena.

"Kwa mvua hii, mama, hata mimi sijui."