Mhakiki wa Chai Isiyopoa

Kazi yangu ni kuwaambia watu wasome nini na wanunue nini ili waishi maisha ya ubunifu. Mimi mwenyewe sijawahi kubuni kitu, labda visingizio. Lakini kila Jumamosi, kwenye ukurasa wa gazeti ulio kabla ya ule wa michezo, utaikuta safu yangu iitwayo "Meza ya Mbunifu", na juu yake picha yangu ndogo nimeshika kidevu kama mtu anayewaza mambo mazito. Ukweli ni kwamba siku ya kupigwa picha nilikuwa na jipu kidevuni na nilikuwa nalificha.

Nahakiki vitabu na majarida ya kuwatia watu moyo wachore, washone, waandike, wafinyange. Nahakiki pia vitu vya kawaida vya nyumbani: kalamu, taa za mezani, gundi, mikasi, mito ya kukalia. Wenye maduka wanavileta ofisini, mimi navibeba nyumbani kwenye mfuko wa sokoni. Rangi wanazijaribu watoto wangu. Mkasi anaujaribu mke wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na kila siku anakata maumbo ya kubandika darasani. Mto wa kukalia naujaribu mimi. Kisha nakusanya maneno yao, nayatia chumvi kidogo, naandika "niligundua kwamba".

Kuchora nilichora mara moja tu. Mwanangu alitakiwa kupeleka shuleni picha ya mbuzi, nikamwambia aniachie mimi mtaalamu. Picha ilirudi na maandishi mekundu: "Meza nzuri, lakini tuliomba mbuzi." Mwalimu mwenyewe ni huyo huyo mke wangu. Hakuona haya hata kidogo, na jioni tukakaa sebuleni pamoja kama kawaida.

Kwa upande wa vitabu nilikuwa na njia yangu ya kazi, ambayo sikumwambia mtu. Nilikuwa napima kwa chai. Nachemsha chai, namimina kwenye kikombe changu cha udongo, nakiweka kando ya kitabu, naanza kusoma. Kitabu kikininogea, naisahau chai na inapoa. Kikinichosha, mkono unakwenda wenyewe kwenye kikombe na chai yote naimaliza ikiwa bado inatoa mvuke. Chai ikipoa kabisa, kitabu kinapata vikombe vitano. Ikiwa vuguvugu, vitatu. Ikiwa ya moto, kimoja, tena cha huruma. Wasomaji walidhani vikombe vile ni pambo tu la gazeti. Walikuwa wakibishana navyo kwenye barua zao kama watu wa mpira wanavyobishana na refa, nami nikazidi kuvimba kichwa.

Basi mwezi mmoja duka la vyombo likaniletea kikombe cha chuma chenye mfuniko, jamaa wa karibu kabisa wa chupa ya chai. Kizuri, cha kijani, hakimwagi hata ukikiangusha kitandani. Nilikipenda papo hapo. Kikombe changu cha udongo nikakipa likizo, nikawa nasoma na hiki cha chuma pembeni. Kwenye safu nilikipa vikombe vitano na nikaandika kwamba hatimaye mbunifu amepata rafiki wa kweli.

Mwezi ule vitabu vikaanza kunisikitisha. Kitabu cha ushonaji wa viraka, nimesoma kurasa nyingi, nagusa chai: ya moto. Kikombe kimoja. Jarida la ufinyanzi: ya moto. Kimoja. Kitabu kinene cha mwandishi ambaye miaka yote nilikuwa namvulia kofia, nikakisoma asubuhi nzima bila hata kuinua kichwa, nikanywa chai na kuungua ulimi. Kimoja. Badala ya kujiuliza maswali, nikaandika makala ya ukali iliyosema kwamba ubunifu umeingiwa na ugonjwa na waandishi wa leo hawana tena cha kutuambia. Mhariri wangu, mama mmoja tunayemwita Mkasi kwa jinsi anavyokata aya za watu, aliifurahia sana.

"Leo umeandika kama mwanaume," akaniambia. "Hukumpaka mtu mafuta."

Nilitembea ofisini siku ile kifua mbele.

Katika rundo la mwezi ule kulikuwa na kijitabu chembamba kilichoitwa *Mikono Inayosubiri*. Hapa niseme mapema ili msomaji asiteseke kama nilivyoteseka mimi: kilikuwa cha dada yangu mkubwa. Dada anakaa mapokezi kwenye kliniki ya meno. Miaka yote tuliyodhani anajaza kadi za miadi, alikuwa akichora nyuma ya kaunta mikono ya wagonjwa wanaosubiri zamu: mikono iliyoshika shavu, mikono inayozungusha pete, mikono ya mama juu ya goti la mtoto. Chini ya kila mchoro aliandika maneno machache ya kumwonyesha mtu asiye na muda jinsi ya kuanza kuchora pale alipo. Alikuwa ameahidiwa chumba nyuma ya maktaba, afundishe kuchora jioni. Ilibaki yeye kusema ndiyo. Akamwambia mke wangu, kwa siri, kwamba atakipeleka kijitabu kwangu bila kunijulisha. "Akikisifia bila kujua ni changu, nachukua chumba. Akikiponda, nabaki na kadi zangu." Kwa hiyo ndoto nzima ya dada yangu ilikuwa imewekwa mezani kwangu, pembeni ya kile kikombe cha kijani.

Jina la mwandishi jaladani lilikuwa la bibi yetu mzaa mama. Sikulishtukia. Maisha yake yote sisi tulimwita Bibi.

Nilikisoma mara moja, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nikagusa chai. Ya moto. Nikaandika kikombe kimoja, na kwa kuwa nilikuwa bado na ule ukali wa kusifiwa na Mkasi, nikachagua mchoro mmoja wa katikati ili niuponde vizuri. Ulikuwa mkono wa mwanaume uliolala juu ya meza, kidole gumba juu, vidole vingine vimelegea. Niliandika hivi: "Huu ni mkono wa mtu ambaye hajawahi kuinua kitu kizito kuliko kijiko. Umekaa unangoja wengine wamalize kazi ili uje kutoa maoni. Mchoraji angetutafutia mkono wenye maisha." Nikaisoma tena sentensi ile ya kijiko na kucheka peke yangu, jinsi ilivyokaa vizuri.

Jumamosi gazeti lilipotoka, mke wangu alilisoma jikoni akiwa amesimama. Kawaida safu yangu huisoma huku akicheka mahali ambapo sikukusudia kuchekesha. Siku hiyo alilikunja gazeti taratibu na kulifuta makombo yasiyokuwepo.

"Baba watoto, hiki kijitabu cha mikono ulikisoma kweli?"

"Nilikisoma chote. Hakina kitu."

"Ni cha wifi yangu."

"Wifi yako yupi?"

"Nina wifi wangapi mimi?"

Nina dada mmoja tu. Mke wangu akanieleza habari ya chumba na ile siri yao, neno kwa neno, kwa sauti ile anayotumia kumweleza mzazi kwamba mtoto wake anarudia darasa. Huyu ndiye dada aliyenifunga kamba za viatu mpaka nikaona aibu mbele ya wenzangu. Nilijaribu kujitetea kwamba kazi ni kazi, mhakiki haangalii undugu. Mke wangu, labda kwa kutafuta tu cha kufanya na mikono yake, akachukua kile kikombe cha chuma na kupiga funda.

Akatema kwenye sinki.

"Mama yangu! Hii chai umeichemsha saa ngapi?"

"Asubuhi, kabla hujaamka."

"Na sasa hivi ni mchana. Mbona inaunguza?"

Nilikitazama kikombe. Kikombe nacho kilikuwa kimetulia na mfuniko wake. Vitabu vyote vya mwezi mzima vikanipita kichwani: viraka, ufinyanzi, yule mwandishi wangu mpendwa, na mikono ya dada. Nikamweleza mke wangu, kwa mara ya kwanza, habari ya kupima kwa chai. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaa chini kwenye kiti, akajifunika uso na aproni, na mabega yakaanza kumtetemeka. Mwanzoni nilidhani analia.

"Nenda," akasema alipopata pumzi. "Nenda kliniki sasa hivi. Na umwambie hivyo hivyo ulivyoniambia, usipunguze kitu."

Nilikwenda mbio na kandambili. Kliniki hufunguliwa Jumamosi mpaka alasiri, na chumba cha kungojea kilikuwa kimejaa mashavu yaliyovimba. Dada alikuwa nyuma ya kaunta, miwani puani. Gazeti lilikuwa pale pembeni yake, limekunjwa kwenye ukurasa wangu.

"Una miadi?" akaniuliza.

"Dada, ni mimi."

"Nakuona. Una miadi?"

"Sina."

"Basi kaa usubiri kama wenzako."

Nikakaa kati ya mzee aliyejifunga kitambaa kichwani na kijana aliyekuwa akinung'unika kwa jino. Sikuweza kusubiri. Nikasimama, nikamweleza dada pale pale, mbele za watu: kikombe cha udongo, kikombe cha chuma, chai ya moto, kikombe kimoja kimoja. Nilisema kila kitu. Nilipofika kwenye neno "samahani" nilikwama, kwa sababu nilikuwa nimeona kwamba kadi za miadi zilikuwa zimepangwa mbele yake sawasawa, na hakukuwa na penseli mahali popote.

"Yaani vitabu vya watu alikuwa anavipima kwa chai?" mzee wa kitambaa akamwuliza jirani yake.

"Ndiyo hivyo, mzee."

"Na mshahara analipwa?"

Chumba kizima kikaangua kicheko, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa na jino bovu, kila mmoja akashika shavu na kulia "ai!" huku akiendelea kucheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa namwangalia dada, ambaye naye hakucheka.

"Nitaandika upya," nikasema. "Jumamosi ijayo. Nitakisoma tena kwa haki na nitaomba radhi gazetini, kwa herufi kubwa. Usiache chumba, dada. Nakuomba. Usikiache kwa ajili ya upumbavu wangu."

Dada alivua miwani, akafungua droo ya kaunta na kutoa kijitabu chake. Akakifungua katikati, kwenye ule mkono niliouponda, akakilaza juu ya kaunta.

"Weka mkono wako hapa."

"Wangu?"

"Weka."

Nikauweka pembeni ya mchoro. Mzee wa kitambaa akainuka, kijana wa jino akainuka, mama mmoja akaja na mtoto wake. Wakatazama mkono, wakatazama karatasi. Kidole gumba juu. Vidole vingine vimelegea. Hata kikovu kidogo nilichokipata nilipobanwa na mlango wa kabati kilikuwepo, mahali pake.

"Ndio wenyewe," mama yule akasema polepole, kama anayetoa pole.

"Nilikuchora ile siku uliyokuja kung'olewa," dada akasema. "Ulikaa pale kwenye kona unamkosoa mtu aliyepaka rangi ukuta."

Nilikumbuka sentensi yangu ya kijiko, ile niliyoichekea peke yangu, nikatamani sakafu ipasuke.

"Asubuhi nilipoisoma safu yako nililia," dada akaendelea. "Sikufichi. Nikafungia penseli zangu zote kwenye kabati la dawa. Halafu nikairudia, nikaona unachosema. Hajawahi kuinua kitu kizito kuliko kijiko. Anangoja wengine wamalize ili atoe maoni. Nikajiambia, huyu hajui anamsema nani, ameona mkono tu, na amemjua mtu mzima mzima! Kama mchoro wangu unaweza kumlazimisha hata mwenyewe aseme ukweli wake, basi mimi kuchora najua. Saa nne nilikuwa nimeshapiga simu maktaba. Chumba nimechukua."

Machozi yalinitoka, ya aibu na ya furaha kwa pamoja, na kijana wa jino akanipa pamba aliyopewa kwa ajili ya jino lake. Nikajifuta nayo.

"Kwa hiyo niandike upya?" nikauliza.

"Usithubutu. Usibadilishe hata neno."

"Basi nikusaidie nini, dada?"

"Jumanne jioni uje darasani. Watu wangu wanahitaji mkono wa kuanzia, na huo wako hauchezichezi, unaweza kulala hapo saa nzima."

Niliutazama mkono wangu kwenye karatasi, halafu ule wa juu ya kaunta. Nikainama karibu na dada ili wagonjwa wasinisikie, nikamwomba kwamba safari hii, kama inawezekana, anipendezeshe kidogo, aweke hata mshipa mmoja wa kazi.

"Utumie kwanza," akasema dada, akavaa miwani na kumwita anayefuata.