Ng'ombe wa Guracha Siku Tuliyomzika Hudson

Guracha alikuwa mtu wa maneno machache na ng'ombe wengi, mpaka mvua za El Nino zilipomwachia maneno yale yale machache na ng'ombe wa kuhesabika. Waliookoka mafuriko waliuawa na homa. Hao waliobaki aliwachunga kuliko macho yake mwenyewe.

Alikuwa Muorma mrefu, mkaidi, na mlevi wa chai ya sukari nyingi. Sisi Wapokomo wa kijiji hiki, chini kidogo ya Garsen, tulimjua kwa ugomvi. Malka, ile njia ya ng'ombe kwenda mtoni, inapita katikati ya mashamba yetu, na sikumbuki msimu ambao mahindi yangu hayakuonjwa na ng'ombe wake. Tulitukanana mpaka tukachoka. Mjomba wangu Kotile, ambaye shamba lake linapakana na malka yenyewe, aligombana naye tangu wote wawili wakiwa na meno kamili.

Mtoto wa Kotile, Hudson, hakuwa na habari na ugomvi wetu. Tangu utotoni alishinda kwa Guracha akinywa maziwa, na Qabale, mke wa Guracha, alimwita mwanangu mbele ya mama yake mzazi. Alipokua alikwenda Nairobi, akapata kazi ya utarishi katika ofisi moja mjini. Agosti ile ya mwaka wa tisini na nane, bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani, jirani na ofisi hiyo, Hudson alikuwa kazini.

Garsen ilinyamaza. Bendera ilishushwa nusu mlingoti, na watu waliokuwa hawasalimiani walisimama pamoja dukani kusikiliza redio. Tulisikia jinsi watu wa Nairobi walivyokuwa wakichimbua kifusi kwa mikono, hakuna anayemuuliza mwenzake kabila. Nililia, na nikajivunia nchi yangu. Kisha ikaanza kusemwa ni Waislamu waliotega bomu, na vijana wetu wakaanza upuuzi wao. Guracha, Mwislamu kama Waorma wenzake, alipopita sokoni, mmoja alimpigia kelele: "Nyinyi ndio mmetuulia Hudson!" Guracha aligeuka akarudi kwake bila kununua sukari aliyoijia.

Alikuja matangani jioni, akasimama nje ya ua. Hakujua kama atakaribishwa au atafukuzwa. Kotile mwenyewe akatoka.

"Mzee Kotile," Guracha akasema, "mimi nataka kuja kuzika mtoto. Lakini watu yako nasema sisi naua yeye."

"Aliyemuua Hudson hakuuliza dini ya mtu," Kotile akamjibu, kwa sauti ya kuwafikia vijana waliokuwa wakipasua kuni. "Ameua Wakenya. Kwani wewe ni wa wapi? Ingia unywe chai."

Akaingia. Alipoaga alitoa ahadi ambayo hakuna aliyemwomba: "Siku ya kuzika, ng'ombe yangu hapana kuja malka. Mtoto kwanza."

Haikuwa ahadi ndogo. Wakati wa kiangazi ng'ombe hawanywi kila siku. Hupelekwa malisho ya mbali, kisha hurudishwa mtoni wakiwa na kiu kali. Siku ya mazishi ikaangukia siku yao ya kunywa. Kuwazuia wakati wanasikia harufu ya mto si mchezo, na hao ndio waliokuwa mali yake yote.

Mwili ulichelewa. Gari lilikwama njiani, na lilipofika ng'ambo ya mto jua lilikuwa limeshapinda. Jeneza likavushwa kwa mtumbwi hadi penye ukingo wa kutelemka taratibu, yaani pale pale malka. Guracha na wanawe walikuwa wamewazuia ng'ombe nyuma ya mashamba tangu asubuhi. Mtumbwi ulipogusa ukingo, sisi wanawake wa kanisa tukaanza kuimba.

Hapo ndipo tulipokosea. Guracha huwaimbia ng'ombe wake kuwaita majini, kundi baada ya kundi, ili wasikanyagane. Waliposikia watu wanaimba mtoni, walijua wameitwa. Tukaona vumbi, kisha pembe.

"Anatuletea ng'ombe mazishini!" vijana wakapiga kelele, wakashika makasia na mapanga. Guracha alikuwa amewatangulia ng'ombe wake mbio, amesimama katikati ya njia na kutugeuzia mgongo, akiwapiga puani kwa fimbo. Nilidhani siku ile tutazika zaidi ya mmoja.

"Nyamazeni!" Kotile akapaza sauti. "Acheni kuimba! Wanadhani tunawaita wao."

Tukanyamaza. Ng'ombe nao wakasita, wakihema, ndimi nje. Kotile akaamuru jeneza litelemshwe kando ya njia, akamwendea Guracha.

"Wanyweshe."

"Hapana, Mzee. Mtoto kwanza."

"Mtoto ameshafika kwao, hana haraka. Hawa watakufa. Waimbie washuke."

Guracha akageukia mto, akafungua kinywa. Sauti haikutoka. Akajaribu tena, na kilichotoka kilikuwa kilio, yule mkaidi, mbele ya watu wote. Ng'ombe wa nyuma wakaanza kuwasukuma wa mbele.

Ndipo Kotile akamshika bega, akaanza yeye. Ulikuwa wimbo aliousikia ukipita kando ya shamba lake maisha yake yote, akiulaani. Aliuimba kwa Kiorma kibovu, maneno mengine akiyaruka, sauti ikikatika. Ng'ombe wa kwanza wakashuka. Wakafuata wengine, kwa zamu, wakipita karibu na jeneza la mwanawe bila kuligusa. Vijana wakaweka makasia chini. Kotile hakuacha kuimba mpaka ndama wa mwisho alipoinua kichwa majini.

Tulipolinyanyua jeneza, Guracha aliingiza bega mbele, upande wa wafiwa, na hakuna aliyemwambia apishe.