Bote Chini ya Mbao

Kila asubuhi, kabla ya kushuka kwenda sokoni, Mama Epiphanie hujaza kikombe maji, husukutua kinywa, kisha huyatema kwenye shina la mgomba nyuma ya nyumba. Siku nyingi hamezi hata tone. Ukimwekea chai, atakushukuru na kuiacha ipoe. Anauza maharagwe katika soko la Nyabiondo mpaka watu watawanyike, na kwa muda wote huo hataki kwenda chooni.

Ni dada wa baba yangu. Niliporudi kutoka masomoni Goma, nilidhani anaumwa tumbo. Haikuwa tumbo.

Choo cha soko kina vyumba vitatu, vya wanaume na wanawake pamoja. Zamani vilitenganishwa kwa shitingi, turubai jeupe la wakimbizi, lililochanika kila upande. Wanawake walikwenda wawili wawili: mmoja akiingia, mwenzake alisimama mlangoni na kutanua kikwembe chake, kitenge cha kiunoni, kama pazia. Mwenzake shangazi alikuwa Mama Colette, mwenye duka la chumvi na sabuni, mtu wa Butembo.

Mwaka jana, katika moja ya safari nyingi za Colette kwenda Goma kununua bidhaa, shangazi alikwenda chooni peke yake. Akiwa amechuchumaa, alisikia mtu anapumua upande wa pili wa turubai, karibu na sikio lake. Turubai likaingia ndani kidogo, kama linasukumwa na kiganja. Alitoka mbio. Hakumwona mtu, na hakumwambia mtu ila Colette. Tangu siku hiyo aliacha kunywa.

Kamati ya soko ilipopata mbao za kuondoa shitingi, Colette aliwashawishi wanawake wamchague shangazi aseme zitapigiliwa vipi. Seremala, Papa Sebahire, alikuja na futi yake.

“Naweza kushusha mbao mpaka chini kabisa,” alisema. “Hata panya haitakuona.”

“Na mimi nitaona namna gani nani iko upande ingine?”

“Mama, unaenda kujisaidia ao unaenda kulinda bariere ya barabara kama askari?”

Wanaume waliokaa juu ya magunia walicheka. Shangazi aliinamisha kichwa, lakini neno lake hakulibadilisha.

“Juu zipite kichwa ya mutu murefu. Chini uache shubiri moja. Nataka nione miguu.”

Zikapigiliwa hivyo, kila mlango na komeo lake kwa ndani, na wanawake wengi wakaacha kusindikizana. Shangazi akaanza tena kunywa, nusu kikombe, akiangalia kikombe kama kitu cha kuazima.

Kisha ikaja siku ya mvua. Asubuhi ile watu walikuwa wameshuka kutoka vilimani na magodoro kichwani, wakikimbia watu wenye bunduki, na sokoni kila mtu alizungumza kwa sauti ya chini. Mchana shangazi alibanwa. Alitazama duka la Colette, akakuta limefungwa; akafikiri mwenzake amekwenda Goma. Akajikaza. Aliposhindwa, akaenda peke yake.

Alifunga komeo, akainama, akaona bote, viatu virefu vya mvua. Bote nyeusi za mpira, kubwa, zenye matope mpaka juu, zimesimama upande wa pili wa mbao. Ncha zake zilimwelekea. Hazikusogea, wala hapakuwa na sauti ya mtu anayejisaidia. Shangazi alibana pumzi. Ndipo bote moja ikainuka polepole, ikapotea juu. Ya pili ikafuata.

Akajua mtu huyo anapanda ili amchungulie. Alishika komeo, lakini akaogopa kumpa mgongo. Akabaki amekodolea macho ukingo wa mbao, akisubiri kichwa kitokeze.

Kichwa hakikutokeza. Alisikia sauti ndogo ya kutetemeka: “Salamu Maria… Salamu Maria…” Haikuweza kuendelea zaidi ya hapo.

“Colette?”

Sala ikakatika. “Ni nani?”

“Ni mimi, Epiphanie.”

“Umevaa bote ya nani?” Colette aliuliza.

“Ya bwana yangu, Valens. Na ile yako?”

“Ya Omer, bwana yangu. Bote yangu ilipasuka.” Mbao zikalia, Colette akashuka. “Niliona miguu ya mwanaume, nikasema njo mwisho yangu. Nikapanda ku mulango.”

“Na mimi nikasema unapanda uniangalie.”

“Nikuangalie nini, wewe muzee?”

Walitoka wameshikana mikono, wala hawakucheka mpaka walipofika kwenye maharagwe. Hata hapo hawakucheka sana. Wakati wa kuchagua mbao hakuna aliyefikiria bote. Katika matope yetu kila mtu anavaa bote, mwanamke anavaa za mumewe akiwa na haraka, na watu wenye bunduki wanavaa zilezile.

Papa Sebahire alileta vipande vya mbao ili azibe ile nafasi. Safari hii hakutania.

“Acha,” shangazi alimwambia. “Ukifunga, nitabaki kusikia kupumua tu.”

Nafasi ikabaki. Wanawake wakarudia kwenda wawili wawili, mmoja ndani, mmoja nje ya mlango, ingawa mlango una komeo.

Bado namwona kila asubuhi penye mgomba. Mara nyingi anatema. Mara chache anameza, taratibu, kikombe kizima. Jana nilimuuliza kwa nini siku nyingine anakunywa na siku nyingine hapana.

“Siku Colette hajaenda Goma,” alisema, “nakunywa.”