Ng'ombe wa Bangkok Kwenye Harusi ya Aline

Nilikwenda Bangkok kutafuta hariri ya harusi, lakini niseme ukweli, nilikwenda pia kumkimbia bamwana. Binti yangu Aline alikuwa anaolewa. Mama wa bwana harusi, ambaye mimi namwita bamwana kama wazazi wa pande mbili wanavyoitana kwetu, anauza sambaza, vile visamaki vidogo, pale ziwani Gisenyi, na kwa kucheza ngoma hana mpinzani. Siku ya kupanga harusi alinishika mkono mbele ya watu wote.

"Bamwana, siku ile tutafungua sisi wawili. Bamama mbele!"

Nilicheka, lakini roho iliruka. Mimi nimezaliwa Goma na nimekulia Goma. Rumba niamshe usingizini nitaicheza. Ila ile ngoma ya wanawake wa Kinyarwanda, mikono juu kama pembe za ng'ombe na miguu ikigusa ardhi taratibu, hiyo nilikuwa naitazama tu, nikipiga makofi. Tangu turudi nyumbani Rwanda tulikuwa tunaitwa "wale wa Congo", na nilijua nikikosea siku ile jina hilo litamfuata Aline mpaka ndani ya nyumba ya watu. Hapo ndipo usingizi ulipokuwa unanipotea.

Asubuhi ya safari tulikuwa wawili, mimi na Joy, mwenzangu wa soko la vitambaa. Joy alirudi kutoka Uganda, kwa hiyo Kiingereza cha safari kilikuwa chake. Barabara ya Ruhengeri, ya kwenda Kigali, ilikuwa imeanza kupitika kwa amani, na ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mashamba ya viazi. Kutoka Kigali tulipanda ndege hadi Nairobi, na Nairobi tukaingia kwenye ndege kubwa, mama yangu, kubwa kama kanisa la Nyundo! Joy aliniona nimeushika mkanda kwa mikono miwili.

"Unaogopa ndege?"

"Ndege? Mi naogopa bamwana."

Alicheka mpaka mhudumu akaja kuuliza kama anahitaji maji.

Bangkok ilitupokea kwa joto la sufuria iliyofunuliwa. Soko la vitambaa ni mji mzima! Nilipotea humo kwa furaha, nikishika hiki na kuachia kile, mpaka tukafika kwenye duka la mama mmoja aitwaye Malee, mnene, mcheshi, na kalamu ameichomeka kwenye nywele. Alitaka kujua hariri ya kazi gani. Joy akamweleza kuhusu harusi na mishanana, vazi letu la kufungia begani. Malee akapiga makofi. Akatuonyesha bega lake: hata kwao wana kitambaa cha kupitisha begani namna hiyo. Akasema binti yake Nok anacheza ngoma za jadi kwenye jumba la maonyesho, na kesho yake jioni tuwe wageni wake.

Jioni hiyo tuliacha viatu mlangoni pa jumba hilo, tukaketi kwenye mikeka mbele ya meza fupi. Nilinyoosha miguu kupumzisha magoti, na Malee akanigusa haraka: kwao nyayo hazielekezwi kwa watu. Nikakunja miguu pembeni kama bibi zetu wanavyokaa mkekani, naye akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Pazia likafunguka. Weee! Wakatoka majitu wenye vinyago vya kijani, wakapigana na nyani weupe waliokuwa wanapinduka hewani, huku wapigaji wakigonga vipande vya mbao kwa mkupuo mmoja usio na kosa. Nilisahau kula. Kisha taa zikapungua, wakaingia wasichana wenye kucha ndefu za shaba, Nok akiwa mbele. Walitembea polepole sana, na vidole vyao vikakunjika kwenda nyuma, nyuma kabisa, mpaka nikaona kama mifupa imeyeyuka. Walipoinua mikono wote pamoja nilipigwa na butwaa. Zilikuwa pembe! Pembe za ng'ombe wetu, ila ncha zake zimerudi nyuma.

Sikujizuia. Nilitupa impundu, vile vigelegele vyetu vya harusini, kwa sauti yangu yote.

Jumba zima likanyamaza. Watu wakageuka. Mpigaji mmoja akabaki na kigongo hewani.

"Yebabawe, Mama Aline!" Joy alifunika uso. "Hapa banasikiliza kimya!"

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini Nok alikuwa anatabasamu, na ngoma ikaendelea. Mwishoni, wachezaji waliposhuka kuchagua wageni wa kucheza nao kwenye duara, alinijia mimi moja kwa moja. Nilikataa kwa kichwa. Malee akanisukuma mgongoni. Jukwaani Nok alinishika vidole, akavirudisha nyuma kidogo kidogo, na miguu yangu, sijui nani aliiambia, ikaanza kugusa mbao taratibu kama nilivyowaona wamama wa ziwani. Nilikosea kila mzunguko. Watu wakapiga makofi, halafu wakaanza kujaribu ile impundu yangu, vibaya kabisa, na mimi nikacheka jukwaani kama mtoto. Niliposhuka, kila mtu alimuuliza Joy nimetoka wapi.

Tulipokuwa njiani kurudi nilimwambia Joy kwamba pale ukumbini wote walitaka kujua nimetoka wapi, na hakuna aliyetaka nirudi huko, tofauti na wanaotuita wale wa Congo. Joy akasema basi, harusini nikacheze hivyohivyo.

Siku ya harusi, katika lupango la bamwana, yaani ua wa nyumba yake, uwanja ulijaa watu mpaka kwenye kuta. Ngoma zikalia. Bamwana akatoka mbele, mwepesi, mikono juu. Nilimwona Aline ndani ya hariri yake, ananitazama. Nikatoka. Nikainua mikono yangu, na vidole vyenyewe vikarudi nyuma.

Watu wakanyamaza. Kimya hicho nilikuwa nakijua tayari, nikaendelea kucheza.

Bamwana akasimama, akanitazama vidole.

"Bamwana, ngombe ya wapi hii, pembe inarudia nyuma?"

"Ya Bangkok!"

Alifikiri kidogo. Halafu akatupa impundu iliyosikika mpaka ziwani.

"Basi iingie! Lupango iko mukubwa!"

Akarudi mbele yangu, akainua mikono, na vidole vyake akavikunja nyuma kama vyangu.