Nyayo za Kunguru Kwenye Rangi Mbichi

Kunguru siwapendi. Nasema mapema ili mtu asije akadhani mimi ni msanii wa kuamka alfajiri kusikiliza ndege. Chumba changu hapa Kariakoo kiko juu ya uchochoro wa wauza kuku. Mteja akishachagua kuku wake, wanamchinja palepale, wanamtumbukiza kwenye pipa la maji ya moto, wanamnyonyoa, na matumbo wanayatupa kwenye ndoo isiyo na mfuniko. Harufu ya manyoya yaliyochemshwa inapanda hadi kwenye mto wangu wa kulalia. Wanaofaidi ile ndoo ni kunguru. Wanagombania utumbo kule chini, kisha wanakuja kuumalizia juu ya paa, ambako mimi naanika kazi zangu, picha za rangi juu ya mbao.

Kazi zenyewe zilikuwa heroe, wale ndege wa pinki wenye miguu mirefu. Sijawahi kumwona heroe hata mmoja. Katika kazi yetu mtu anajifunza kwa kunakili ubao wa mwenzake, na mwenzake naye alinakili kwa mwingine. Nimewachora mpaka nimewakinai, na ile pinki ikawa inanitia kichefuchefu kuliko ndoo ya matumbo.

Picha zangu alikuwa akizichukua mzee mmoja wa Kiarabu mwenye duka la vinyago mjini. Siku hiyo nilimwamkia, akaitikia bila kugusa ubao niliomletea.

"Binti, heroe ninao mpaka stoo. Ijumaa niletee kitu kingine. Ukiniletea hawa tena, basi tusisumbuane."

Maana yake ilikuwa nirudi Buguruni kuchora vichwa vya wanawake waliosukwa kwenye mabango ya saluni. Nilishayafanya yale miaka mingi na sikutaka kuyasikia tena.

Nilikaa mpaka Jumatano bila wazo lolote. Mwishowe nikapaka ubao mzima rangi ya njano, nikauweka juu ya paa, nikashuka kunywa chai. Niliporudi, kunguru wawili walikuwa katikati ya ubao wakivutana utumbo. Niliwarushia kandambili, wakaruka na kuuacha umenata kwenye rangi, mrefu, una utelezi, inzi tayari wameshajaa. Niliubandua kwa ncha za vidole huku nimebana pumzi, na bado chai nusura irudi.

Nikachukua tambara la mafuta ya taa nifute uchafu wote. Mkono ukasita. Hapa mmoja alikuwa amekita kucha, hapa akaburutwa, hapa bawa likafagia rangi. Ndege hawakuwepo tena, lakini ugomvi wao wote ulikuwa pale. Niliwachukia zaidi kwa sababu walikuwa wamechora vizuri kuliko mimi. Rangi iliposhika nikazijaza zile alama kwa rangi nyeusi, sikuongeza kitu.

Ijumaa mzee aliushika ubao, akaugeuza huku na huku.

"Hii umenakili kwa nani?"

"Kwa kunguru, mzee. Wamepita wenyewe."

Akaunusa, akakunja uso, kisha akautundika ukutani, mahali walipokuwa heroe wangu. "Basi wapitishe tena. Niletee nyingine za kujaza ukuta huu."

Nilitoka dukani nikicheka peke yangu. Nilipofika uchochoroni kwetu kicheko kikaisha. Kunguru hakanyagi rangi kwa kupenda sanaa.

Kesho yake nilishuka na kopo kwa muuza kuku.

"Mambo, kaka. Naomba matumbo kidogo."

"Poa, dada. Umefuga mbwa?"

"Nina kazi nayo."

Aliyachota kwa mkono, bado yana joto. Juu ya paa nilikuwa nimeshapaka ubao mwingine. Nikatoa utumbo kwa vidole vyangu mwenyewe, nikaulaza juu ya rangi mbichi, nikageuka kando kutapika. Halafu nikajificha nyuma ya tangi la maji, mikono ikinuka, nikiwaombea kunguru njaa.