Poda Niliyojimwagia Mwenyewe

Kuna siku moja hainitoki kichwani, mwanangu, na leo imenirudia tangu asubuhi, ndiyo maana unaniona situlii. Nakaa, nainuka, naenda getini, narudi. Binti yako Clarisse anafanya mtihani wa taifa mwezi ujao. Nilipokuuliza mwalimu wake ni nani, ukaniambia, "Vitabu vyote nilimununulia, mama. Nini tena?" Hasira zilinijaa.

Unajua hapa kwetu Lubumbashi anayefaulu anamwagiwa poda kichwani, anarudi nyumbani mweupe, watu wanamwimbia. Anayerudi bila poda hana haja ya kusema kitu. Mwaka niliomaliza sekondari, matokeo yalibandikwa ukutani pale shuleni. Nilisoma orodha ya waliofaulu mara tatu. Jina langu halikuwamo. Nikafikiria nitakavyopita kwenye avenyu yetu na nywele zangu nyeusi, nikaogopa. Nikaingia dukani, nikanunua kopo la poda, nikajimwagia mwenyewe.

Mama yangu alitoka jikoni na unga wa bukari, ugali wetu, mikononi, akacheza mpaka kitenge kikamfunguka. Baba, mtu wa reli asiye na maneno mengi, alilia. Jirani yetu Mama Ngoie akachinja kuku wake. Kuku yule nilimla, mwanangu, na mpaka leo naona aibu.

Siku ya tatu mama akavaa nguo zake za misa, akaenda shuleni kuwashukuru walimu. Hakuniambia. Aliporudi hakunipiga. Alikaa kwenye kiti, akaniangalia.

"Miaka sita sikufikaka kule ku masomo," akasema. "Leo nimefika, jina yako haiko."

Kisha akalia. Nilidhani analilia uongo wangu, kumbe alikuwa analilia ile miaka sita.

Mwaka niliorudia darasa, kila Ijumaa alikwenda kumwuliza mwalimu habari zangu. Kifaransa cha walimu hajui, anauliza hivyo hivyo. Naye Mama Ngoie, ambaye hakujua kusoma hata jina lake, alinikalisha kila alasiri karibu na kinu chake nisome kwa sauti. Nikinyamaza, na mchi wake unasimama.

"Soma, niko nasikia."

Nikafaulu. Safari ile poda waliimwaga wao.

Basi nisikilize. Kesho nenda shuleni, umjue mwalimu wa Clarisse kwa jina. Jioni, zima televisheni, kaa naye akusomee, hata yale usiyoyaelewa. Waambie na majirani wamuulize leo amejifunza nini. Ukikuta mambo yake hayako sawa, usimgombeze, mlete kwangu. Mimi nilishapita huko.

Kopo la poda nimeshalinunua. Liko kabatini. Mungu akupe miguu ya kufika pale shuleni kesho, mwanangu, na mimi aniache hai nimmwagie Clarisse kwa mikono yangu, asije akajimwagia peke yake.