Idara ya Mtu Mmoja

Siku Dana Pelster alipoaga, walikula keki ya dukani wakiwa wamesimama, kwa sababu kila kiti ofisini kilikuwa kimelaliwa na majalada. Dana alikuwa mkurugenzi wa afya ya jamii katika kaunti ya Loomis Fork, huko Nebraska kwenye vilima vya nyasi, na yeye ndiye aliyekuwa ameanzisha kazi ya kuitafutia idara ile ithibati, yaani cheti cha kutambuliwa rasmi. Sasa alikuwa amepata kazi Omaha. Alimkumbatia muuguzi wake, Verlene Hruska, akamwambia, "Usiache, Verlene. Umebaki mlima mdogo tu." Kisha akabeba boksi lake la vikombe, akaenda zake, mlima akamwachia Verlene.

Idara yenyewe ilikuwa vyumba viwili chini ya jengo la mahakama, na madirisha yake yalikuwa juu sana, mtu akaona viatu vya wapita njia tu. Asubuhi alikuwepo karani, Peg, ambaye saa sita ikigonga alikuwa ameshavaa koti. Baada ya hapo Verlene alibaki na mlio wa friji ya chanjo.

Hakuwa amezoea kukaa. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa barabarani: kupima watoto wachanga, kufunga vidonda, kunywa kahawa mbovu kwenye jikoni za watu na kusikia habari zao. Mume wake Gene alipofariki kwa saratani, barabara ndiyo iliyomshika asianguke. Lakini ithibati ilitaka maandishi. Wakaguzi wangekuja kutoka majimbo mengine kuangalia kama idara inajua watu wake wanaugua nini, kama ina mpango siku ya maafa, na kama ikikosea inajirekebisha. Hayo yote Verlene aliyajua, ila yalikuwa kichwani mwake. Kwa hiyo akakaa, akaandika. Wagonjwa wake wakakabidhiwa muuguzi wa kaunti jirani, kijana mmoja mchangamfu, na baada ya muda wakaacha hata kumuulizia Verlene.

Makamishna wa kaunti walimwita mkutanoni wakati wa vuli. Mwenyekiti wao, Merle Stastny, mfuga ng'ombe, hakuwa mtu mbaya, ila alipenda kuuliza kama mtu anayenunua trekta lililokwishatumika.

"Hebu nieleweshe, Verlene. Tukipata hicho cheti, mafua yatapungua?"

"Cheti hakipunguzi kitu, Merle. Kazi za kukipata ndizo zinazopunguza."

"Kazi hizo si umezifanya miaka nenda rudi bila cheti?"

"Nimezifanya. Na nikianguka kesho kwenye ngazi zenu hizo, nani mwingine humu anajua zinafanywaje?"

Merle akajikuna shingo. "Basi endelea. Ila usije hapa kutuomba mtu wa kukusaidia."

Akaendelea.

Sehemu iliyomsumbua zaidi ilikuwa mpango wa maafa. Kwenye vilima vile watu wengi walikuwa wanaishi peke yao, nyumba hii na ile zikitenganishwa na maili za nyasi, na theluji ikifunga barabara hakuna wa kujua nani mzima na nani amekufa. Verlene akaamua kwamba kila anayeishi peke yake apate jirani mmoja wa kumpigia simu hali ya hewa ikichafuka, na kumfikia kama hapokei. Ili kupanga hilo ilimbidi arudi barabarani, naye akafurahi kuliko alivyotaka kukiri.

Alvin Dethlefs alimpokea mlangoni, mrija wa oksijeni puani, mashine ikinguruma nyuma yake.

"Umekuja kuniandika kwenye kundi la wapweke?"

"Nimekuja kukutafutia mtu wa kukupigia simu."

"Sina shida na mtu. Redio ninayo."

"Umeme ukikatika, Bwana Alvin, redio itakuletea jenereta?"

Mzee akageuka kuitazama mashine. "Unataka kunipa nani?"

"Joleen Rasby ndiye wa karibu."

"Yule mama? Ng'ombe wake wamekula majani yangu tangu enzi za baba yake. Tuligombana kwa ajili ya ule uzio, hatujasemezana mpaka leo."

"Basi mtakuwa na mengi ya kuongea."

Joleen naye, alipoulizwa, aliendelea kumwaga pumba kwenye hori bila kugeuka. Alikuwa mjane, mikono mipana, maneno machache. "Alvin akifa nitalaumiwa mimi?"

"Hapana."

"Ananuka tumbaku mpaka kwenye simu, nina hakika." Akapiga ndoo ukingoni mwa hori. "Sawa. Saa moja jioni. Asipopokea simu naenda, na akinitukana narudi."

Dhoruba ilikuja mwezi wa tatu, wakati watu walikuwa wameshaanza kusema kwamba majira ya baridi yameisha. Mvua iligeuka barafu, barafu ikageuka theluji, upepo ukalaza nguzo za umeme chini kama nyasi. Verlene alikwama nyumbani kwake pembeni mwa mji. Tanuru ya kupashia nyumba joto ilizimika pamoja na umeme. Akavaa koti la Gene juu ya lake, akawasha jiko la kuni, akaketi na simu aliyokuwa akiichaji kutoka kwenye betri ya gari.

Mpango ukafanya kazi. Watu walimpigia Verlene wakimwambia fulani yuko salama, fulani amehamia kwa jirani, fulani dawa ya sukari inamwishia. Naye akampigia mtu wa greda la kuondoa theluji, mtu wa greda akapeleka dawa. Jioni ya kwanza Alvin hakupokea simu. Joleen akafunga jenereta nyuma ya trekta, akafuata mstari wa uzio ule ule waliougombania, kwa kuwa ndicho kitu pekee kilichoonekana juu ya theluji. Alimkuta mzee kitini, midomo ya bluu, mtungi wa akiba wa oksijeni ukikaribia kuisha. Akaunganisha mashine na jenereta, akalala kwenye kochi lake mpaka barabara ilipofunguliwa.

"Amenitukana?" Joleen alimwambia Verlene baadaye kwenye simu. "Amenitukana vizuri tu. Nikajua anapona."

Verlene akacheka, akakata simu. Jiko lilikuwa limeishiwa kuni. Ndipo alipotambua kwamba katika siku zile zote kila aliyempigia alikuwa na shida au habari ya kumpa. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kama kwake kuna joto.

Baada ya dhoruba Joleen aliendelea kumpigia Alvin saa moja jioni, ingawa hali ya hewa ilikuwa njema na hakuna aliyemtuma. Kiangazi mapafu ya mzee yalichoka kabisa, akafa hospitalini North Platte. Baada ya mazishi watu walikula mikate ya nyama ya nguruwe na saladi ya viazi kwenye chumba cha chini cha kanisa la Kilutheri. Joleen akamfuata Verlene karibu na birika la kahawa.

"Nipe mwingine," alisema.

"Mwingine?"

"Wa kumpigia. Saa moja ikifika nakuta nimeshika simu."

Jina la kwanza lililomjia Verlene mdomoni lilikuwa lake mwenyewe. Alilimeza. Akampa la Bi Ardith Kolar, mwalimu mstaafu wa upande wa mtoni, ambaye kweli alikuwa hana mtu.

Wakaguzi walikuja vuli, watu watatu, na kwa siku mbili vile vyumba vya chini vikawa na sauti. Verlene aliona aibu kwa jinsi alivyofurahi. Watu hawa walikuwa wakijua kazi yake kwa ndani. Akisema nusu ya jambo, wanamalizia nusu nyingine. Waliuliza habari za dhoruba, wakaongea na Merle Stastny, ambaye aliwaambia bila kupepesa macho kwamba yeye aliunga mkono jambo hili tangu mwanzo. Kiongozi wao, Terrence Whitlow, mwanamume mnene wa Ohio mwenye sauti ya upole, alirudia kusoma mpango wa simu.

"Huu ni mzuri sana," alisema. "Kila mtu ana wake. Na wewe, nani anakupigia?"

"Dada yangu," alisema Verlene. "Yuko Arizona."

Dada alikuwepo kweli. Alikuwa akipiga simu Krismasi. Terrence alimtazama kidogo, akafungua ukurasa mwingine. Jioni ile wakaondoka na gari lao la kukodi, Verlene akaosha vikombe vyao taratibu, kimoja kimoja.

Majibu yalikuja kwa simu baada ya miezi kadhaa, adhuhuri, Peg akiwa ameshaondoka. Idara imepewa ithibati. Verlene alishukuru kwa adabu, akaketi. Akampigia Dana Omaha, simu ikaingia kwenye kinasa sauti. Akampigia Merle.

"Hongera," alisema Merle. "Sasa tutaambiwa tuongeze nini?"

"Mkurugenzi, Merle. Mimi ni muuguzi."

"Nitalipeleka kwa wenzangu," alisema, na kwa kweli alilipeleka, na mwaka uliofuata nafasi ile ikajazwa. Lakini siku ile Verlene alizima taa, akaingia kwenye gari, akaendesha mpaka kwa Joleen bila kujua atakachosema.

Joleen alimkaribisha jikoni, akamkatia pai ya rubabu, yale mashina machachu ya bustanini. "Ithibati ndiyo nini?"

"Kwamba tunafanya kazi yetu inavyopasa."

"Na walikuwa hawajui?" Akasukuma uma kuelekea kwake. "Kula. Yule Ardith wako amenimaliza masikio. Jana kanisomesha sarufi."

Verlene akala. Pai ilikuwa chachu kidogo. Akaweka uma chini.

"Joleen, ukimaliza na Ardith, unaweza kunipigia na mimi?"

Joleen hakushangaa, wala hakumwonea huruma, na kwa hilo Verlene alishukuru moyoni. Aliwaza kama mtu anayepanga malisho. "Jumanne siwezi, nina kwaya. Siku nyingine sawa. Ila mimi si mtu wa maneno."

"Haidhuru."

Kesho yake jioni simu ililia. Joleen alisema upepo umegeukia kaskazini. Verlene akasema hata kwake ameusikia. Wakakaa hivyo bila neno, kila mmoja akisikia saa ya ukutani ya mwenzake, mpaka Joleen aliposema haya, kalale, nikalishe mbwa.